Weupe wa asubuhi: ni ukungu au mazuku?

SWALI: Mwalimu, naishi Goma, upande wa kuelekea Sake. Asubuhi shimo la nyuma ya nyumba yetu hujaa weupe. Bibi anauita ukungu, mtoto kaambiwa shuleni ni wingu, jirani anasema ni mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua, tusipite. Nani yuko sawa?

JIBU: Mama, bibi na mtoto wote wako sawa. Ukungu ni wingu lililokaa chini: matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani. Sisi wapimaji wa hali ya hewa tunachagua alama za mbali, mnara au kilima, na macho yasipofika mita 1,000 tunaandika ukungu. Yakivuka hapo, ni ukungu mwepesi tu. Huja usiku mtulivu usio na mawingu: ardhi inapoa, hewa inayoigusa inapoa nayo, mvuke unageuka matone. Maji hayohayo yakishika kwenye majani tunaita umande. (Ukungu wa kwenye mkate ni jina lilelile, lakini huo ni kuvu.)

Jirani naye ana haki ya kuogopa, ila amekosea alama. Mazuku hayana rangi. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika eneo letu hili la volkeno. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo hutiririka na kutuama mashimoni kama maji. Upepo huyatawanya. Usiku na alfajiri, hewa ikitulia, yanajaa. Ndiyo maana watu huchanganya: saa zilezile, utulivu uleule, shimo lilelile. Weupe wenyewe hauui mtu, lakini mazuku yanaweza kuwa ndani yake, na yanaweza kuwepo siku ambayo shimo linaonekana safi kabisa. Mimi siku hiyo ndiyo naiogopa zaidi.

Basi acheni kutazama weupe. Tazameni, mkiwa juu, kama shimoni kuna ndege, panya au mijusi waliokufa bila jeraha. Wakiwepo, asiteremke mtu, hata kumfuata mbuzi. Watoto ndio wa kwanza kuanguka, maana pua zao ziko karibu na ardhi. Wala msijaribu kwa mshumaa: utazimika kweli, lakini aliyeushika atakuwa ameshainama. Na hata msipoona kitu kilichokufa, waiteni watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo cha kuchunguza volkeno, wawapimie shimo hilo.