Bega la mpiga smashi na bega la golikipa lililotoka: majibu kwa mwalimu wa Mpwapwa

Mwalimu, nimesoma swali lako na majibu yaliyofuata. Una binti wa voliboli anayeumwa bega akiinua mkono, na usiku hawezi kulilalia. Una pia golikipa ambaye bega lilitoka akidaka mpira, wenzake wakalirudisha palepale uwanjani. Mchangiaji mmoja amekushauri siku nyingine uweke mguu kwapani uvute. Naanza na huo ushauri, maana unaweza kumwachia mtoto kilema.

Bega likitoka, lisivutwe uwanjani. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye tundu fupi mno la bapa la bega, kama chungwa juu ya kisosi. Kinachokishikilia ni misuli, kano na ukingo wa gegedu. Mara nyingi kichwa hicho hutoka kuelekea mbele, na hapo kwapani ndipo inapopita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu ya mkono. Isitoshe, mfupa unaweza kuwa umevunjika na kwa macho hamuwezi kujua. Mkivuta, ufa mdogo unaachana kabisa.

Fanyeni hivi. Mkalisheni, mkono ubaki vilevile ulivyo. Kunjeni sweta mjaze ile nafasi kati ya mkono na mbavu. Kanga moja ikunjwe pembetatu, ibebe mkono na kufungwa shingoni. Ya pili izunguke kifua na mkono ili visicheze. Kabla ya kufunga na baada ya kufunga, tafuta mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, mwambie achezeshe vidole, kisha mguse ngozi ya nje ya bega kwa ncha ya kidole na ulinganishe na upande wa pili. Akisema pale pana ganzi, mwambie daktari jambo hilo kabla bega halijarudishwa. Vidole vikiwa vya baridi au mapigo hayapatikani, msisubiri mechi iishe, tafuteni gari. Asile wala asinywe kitu, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Mpelekeni penye eksirei, apigwe picha kabla ya kurudishwa na baada ya kurudishwa.

Huyo wako ambaye limesharudi bado anahitaji picha, hata kama anasema yuko sawa. Linapotoka mara ya kwanza kwa kijana wa umri wa sekondari, uwezekano wa kutoka tena ni zaidi ya nusu, kwa sababu ule ukingo wa gegedu wa mbele mara nyingi huchanika na haurudi mahali pake vizuri. Mkono ubebwe kwa kitambaa wiki moja hadi tatu kadiri daktari atakavyosema, huku vidole, kifundo na kiwiko vinachezeshwa kila siku visikakamae. Kwa wiki 6 asipeleke mkono juu na nyuma, ule mkao wa mtu anayetaka kurusha jiwe. Golini arudi baada ya miezi 3 au 4, na kalenda peke yake haitoshi: mkono ufike kila upande bila maumivu, nguvu zilingane na za mkono mwingine, na aanze kuruka kwenye godoro au mchanga kabla ya ardhi ya kawaida. Likitoka mara ya pili, aonwe na daktari bingwa wa mifupa. Dodoma mjini mna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, waulizeni huko.

Sasa binti. Maumivu ya kuinua mkono, hasa mkono ukiwa katikati ya njia na si mwanzoni wala mwishoni, pamoja na maumivu ya usiku, kwa mpiga smashi huwa ni kano za ile misuli minne midogo inayokishika kichwa cha mfupa. Sababu ya kawaida ni kuongeza mazoezi ghafla. Mvua zikikatika Aprili, shule zinakumbuka UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, iko Juni. Mtoto ambaye hajagusa mpira kwa miezi anapigishwa smashi kila jioni hadi giza. Misuli ya mbele ya bega inastahimili. Ya nyuma, ambayo kazi yake ni kuufunga breki mkono baada ya kupiga, inachoka mapema, na kano zinabeba mzigo usio wao.

Asimamishe smashi na sevu za juu kwa wiki 2, lakini mkono asiufunge. Apokee, acheze chini, akimbie. Barafu za mifuko za dukani, zilizofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 baada ya mazoezi zinatuliza. Diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya mechi naipinga kwa nguvu zote: inaficha maumivu, mtoto anaendelea kuchana. Sindano za steroidi za kurudiarudia nazo zinadhoofisha kano. Kuchua kwa nguvu jeraha bichi kunaongeza uvimbe.

Tiba yenyewe ni zoezi. Kata utepe wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Asimame ubavu, mkono unaouma uwe mbali na nguzo, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, taulo iliyoviringishwa kati ya kiwiko na mbavu. Avute kwenda nje kwa hesabu ya 2, arudishe kwa hesabu ya 4. Mara 15, seti 3, siku moja ndiyo moja hapana. Wengi wanakosea kwenye kurudisha: wanaiachia tyubu iwavute, ilhali faida kubwa iko katika kurudisha taratibu. Taulo ikianguka, tyubu ni ngumu mno, tafuta nyembamba. Aongeze kuvuta mikono yote miwili kuelekea kiunoni huku mabapa ya bega yakibanwa pamoja, na pushapu za ukutani ambazo mwishoni anausukuma mgongo nyuma kidogo zaidi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika yakiisha kabla ya asubuhi. Yasipoisha, punguza.

Akirudi kupiga, hesabuni. Smashi 20 kwa jioni, mara 3 kwa wiki, kisha 10 zaidi kila wiki, wala asipige siku mbili mfululizo. Mpe mchezaji mwenzake daftari la kuandika. Kocha peke yake husahau.

Timu nzima ifanye zoezi la tyubu hata wasioumwa. Huko Norway wachezaji wa mpira wa mikono walifanya mazoezi ya bega ya dakika 10, mara 3 kwa wiki, na matatizo ya bega yakapungua kwa asilimia 28. Kwetu Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kweli, hivyo wapashe mwili hadi jasho kabla ya mpira kuguswa, halafu warushe taratibu, umbali mfupi kwanza. Golini, chimbueni na kumwagia maji jioni ya kuamkia mechi. Udongo wetu ukikauka ni mgumu, na anayeangukia ncha ya bega anaweza kuvunjika mtulinga.

Golikipa akipigwa tumboni kisha akalalamika bega la kushoto bila kuliangukia, hilo si la bega. Bandama linaweza kuwa linavuja damu. Hospitali mara moja.

Mwalimu, nijibu jambo moja kuhusu binti: akishainua mkono, anaweza kuushusha taratibu mwenyewe au unaanguka? Mkono ukianguka, usisubiri wiki 2, mpeleke akaonwe wiki hii.