Anza na Maiti: Ushauri kwa Anayeanza Kupiga Picha za Wadudu na Kuvu Zao

Wengi wanaoingia kwenye picha za karibu huanza na kipepeo au kereng'ende, wakarudi nyumbani na picha mia za jani tupu. Mimi nakushauri uanze na maiti. Mdudu aliyeuawa na kuvu hakimbii, hapepei, na mara nyingi ameng'ang'ania pale alipofia hata upepo haumwangushi. Atakuvumilia ukikosea mwanga mara ishirini.

Ila usimguse kwanza. Hilo nililijua kwa hasara. Nilimkuta nzi amekufa kwenye kioo cha dirisha, mabawa juu, kioo kimechafuka vumbi jeupe pande zote. Nikapuliza, nikafuta, nikapiga picha safi kabisa. Kumbe lile vumbi ndilo lililokuwa habari yenyewe. Nzi aliyeambukizwa na kuvu iitwayo Entomophthora muscae hupanda mahali palipoinuka, mrija wa mdomo wake ukagandamana na pale aliposimama, akainua mabawa na kufa kuelekea machweo. Usiku huo kuvu hupenya katikati ya pingili za tumbo na kufyatua spora, yaani chembe zake za kuzaliana. Zile zinazokosa nzi mwingine huanguka karibu na kufanya duara jeupe. Mabawa yaliyoinuliwa hayazuii njia ya spora hizo. Mimi nilibaki na picha ya nzi msafi aliyekufa, na ya namna hiyo unaweza kuipata popote.

Kwa hiyo picha ya kwanza iwe ya mbali kidogo: mdudu, jani lake, kimo chake kutoka ardhini. Sisimizi wa jenasi ya Camponotus aliyetawaliwa na kuvu ya Ophiocordyceps huuma mshipa wa chini ya jani na kufia hapo, kisha kikonyo cha kuvu humtoka kisogoni. Katika msitu mmoja wa Thailand watafiti waliwakuta wamekufa kwa wastani wa sentimita 25 tu juu ya ardhi, ilhali viota vyao viko juu kabisa mitini. Ukichuma jani na kuligeuza ili usiumie mgongo, umeshafuta yote hayo. Lala chini. Nguo hufuliwa.

Sasa fokasi, inayowatesa wageni kuliko kitu kingine. Kwenye ukubwa wa 1:1, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kwenye kihisi cha kamera, sehemu inayotoka kali kwa f/8 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ni kama milimita 1. Taya zikiwa kali, kikonyo kimeyeyuka. Utashawishika kuziba tundu la lenzi hadi f/22 ili upate vyote. Usifanye hivyo. Kwa ukaribu huo f/11 hufanya kazi kama f/22, na f/22 huwa kama f/44. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika, na zile nyuzi laini za kuvu hugeuka uji. Bora ubaki f/5.6, usogeze kamera yenyewe robo milimita kila hatua, kisha uziunganishe picha kwa programu inayochukua sehemu kali ya kila moja. Mdudu mwenye kina cha milimita 6 atataka picha kama 25. Jani likitikisika katikati ya kazi, unaanza upya, kwa hiyo bana kikonyo cha jani kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini. Na pale nyuzi zinapopishana, moja mbele ya nyingine, programu itakuchorea vivuli vya uongo. Zirekebishe kwa mkono au ziache, lakini uwe umeziona.

Kuhusu mwanga sina mengi: flashi, na karatasi nyeupe mbele yake, karibu na mdudu kadiri inavyowezekana. Kuvu nyeupe juu ya mdudu mweusi huungua upesi pichani, yaani hutoka weupe mtupu, hivyo pima mwanga kwa kuvu, siyo kwa mdudu. Taa ndogo ya pili ikitokea nyuma kidogo itawasha kila uzi.

Usikimbilie kuandika jina la spishi chini ya picha. Kuvu ya Metarhizium huanza nyeupe kabla ya kugeuka kijani, na siku zile za mwanzo ni rahisi kuiita Beauveria, kuvu nyingine iliyo nyeupe. Isitoshe, si kila ukungu juu ya mdudu ndio uliomuua. Mwingine umekuja tu kula mzoga. Kuvu inayoua hukulia ndani kwanza, ndipo ichomoze nje, mara nyingi kwenye maungio ambako ngozi ni laini. Basi maungio hayo yapigie picha yake peke yake.

Weka alama mahali, urudi kila baada ya siku mbili. Mimi nilimfuata sisimizi mmoja hivyo. Safari ya nne kikonyo kilionekana kimefifia, nikadhani lenzi imeingia unyevu, nikaifuta mara mbili. Lenzi haikuwa na kitu. Kikonyo chenyewe kilikuwa kimevaa pamba nyeupe: kuvu nyingine, imekuja kuila ile ya kwanza.