Kwa wanaoanza kuandika sura ya gesi joto katika miradi ya ujenzi California

Ukikabidhiwa sura ya gesi joto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, katika ripoti ya mazingira ya mradi mpya wa ujenzi California, usikimbilie programu ya kukokotoa. Uliza kwanza mradi utapimwa kwa kizingiti cha nani, yaani kiwango ambacho ukikivuka athari yake inahesabiwa kuwa kubwa. Sheria ya jimbo ya tathmini ya mazingira, CEQA ya mwaka 1970, inaitaka mamlaka inayotoa kibali, mara nyingi mji au kaunti, iamue kama gesi joto za mradi zina athari kubwa. Namba haikutajwa. Ndiyo maana miradi miwili inayofanana, iliyotenganishwa na mpaka wa kaunti tu, inaweza kupimwa kwa njia tofauti kabisa.

Njia fupi ni kuuegemeza mradi kwenye mpango wa tabianchi wa mji. Lakini usome mpango wenyewe, si jalada lake. Ili uweze kuuegemea kwa mujibu wa kifungu 15183.5 cha kanuni za CEQA, mpango unapaswa kuwa na hesabu ya gesi joto za sasa na za miaka ijayo, kiwango kinacholengwa, hatua zinazopimika, utaratibu wa kufuatilia, na uwe umepitishwa hadharani baada ya kufanyiwa tathmini yake ya mazingira. Ukikosa hilo la mwisho, huo ni waraka wa sera tu. Angalia na mwaka wa lengo: mpango unaoishia 2020 hauwezi kuubeba mradi utakaofunguliwa 2028.

Mji usipokuwa na mpango wa aina hiyo, wengi hutumia kizingiti kilichopendekezwa na mamlaka ya hewa ya eneo. Hapa wageni hunaswa na ripoti za zamani. Katika eneo la Ghuba ya San Francisco, kizingiti cha tani metriki 1,100 za hewa ukaa linganifu (gesi joto zote zikigeuzwa kuwa kipimo cha hewa ukaa) kwa mwaka kilizoeleka tangu 2010, na bado kimejaa kwenye ripoti ambazo watu huzinakili. Aprili 2022 kilibadilishwa. Sasa mradi usioegemea mpango wa mji unapimwa kwa usanifu wake: majengo yasiwe na vifaa wala mabomba ya gesi asilia, yasipoteze nishati ovyo, maandalizi ya kuchaji magari ya umeme yafuate ngazi ya pili ya hiari ya kanuni za majengo ya kijani za jimbo, na mwendo wa magari upungue. Kwa nyumba za kuishi, lengo la kawaida la mwendo ni maili kwa kila mkazi kuwa asilimia 15 chini ya wastani uliopo.

Kwa hiyo chini ya kizingiti hiki swali la kwanza si tani ngapi, ni bomba lipo au halipo. Fungua michoro ya mabomba, ukurasa kwa ukurasa. Maelezo ya mradi yatasema umeme mtupu, halafu mchoro wa paa unaonyesha tawi la gesi la jiko la kuchomea nyama, au ghorofa ya chini imeachiwa bomba la mgahawa ambao mpangaji wake hajapatikana. Kipasha joto cha bwawa nacho husahaulika. Tawi moja tu linatosha kuvunja sharti.

Hesabu bado inahitajika hata hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni: nyumba 100, wakazi 250, maili 12 za gari kwa kila mkazi kwa siku. Kwa mwaka ni maili 1,095,000. Kwa takriban kilo 0.4 za hewa ukaa kwa maili, ni tani 438. Kila nyumba ikitumia themu 200 za gesi kwa mwaka (themu ni kipimo cha nishati ya gesi), jumla ni themu 20,000. Kwa kilo 5.3 kwa themu, ni tani 106. Ujenzi ukizalisha tani 600, zigawanye kwa miaka 30 kama inavyopendekezwa Kusini mwa California, upate 20 kwa mwaka. Magari ndiyo yanayobeba mzigo, na mahali pa kiwanja panaamua zaidi kuliko unene wa kuta. Mteja akikuletea orodha ndefu ya taa na madirisha, mrudishe kwenye maegesho, basi na umbali wa kwenda dukani.

Makosa ya hesabu yanajirudia. Tani fupi ya Marekani ni kilo 907, si 1,000. Ukiichanganya na tani metriki, jibu linapotoka karibu asilimia 10. Ili kuigeuza hewa ukaa linganifu, methani huzidishwa kwa 25 katika ripoti ya nne ya jopo la kimataifa la tabianchi na 28 katika ya tano: chagua moja, itumie mwanzo hadi mwisho. Na usihesabu kama punguzo kitu ambacho sheria tayari inakilazimisha. Paneli za jua kwenye nyumba mpya ni sharti la jimbo tangu 2020, kwa hiyo si zawadi ya mwendelezaji.

Kosa zito zaidi ni la hoja. Mwaka 2015, katika kesi ya Newhall Ranch, mradi mkubwa wa nyumba, Mahakama ya Juu Kabisa ya California iliikataa hoja ya ripoti ya mazingira ya mradi huo. Ripoti ilisema mradi utashuka asilimia 31 chini ya hali ya kawaida, yaani bila hatua za kupunguza, wakati jimbo zima lilihitaji 29. Hesabu haikuwa tatizo. Hapakuwa na ushahidi kwamba punguzo la jimbo zima linaweza kuhamishiwa moja kwa moja kwa mradi mmoja mpya. Kila kizingiti unachotumia, andika sentensi mbili au tatu za kwa nini kinaufaa mradi huu.

Usichanganye pia kizingiti cha tathmini na katazo la kanuni. Berkeley ilipiga marufuku mabomba ya gesi kwenye majengo mapya mwaka 2019. Aprili 2023 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba sheria ya nishati ya 1975 inazuia katazo hilo. Tangu 2025 jimbo nalo limebana miji isiongeze masharti mapya kwenye kanuni za nyumba za kuishi hadi 2031, isipokuwa kwa mambo machache. Hakiki sharti unalolitaja kama bado linatekelezwa siku unayoandika.

Mradi ukizidi kizingiti, vyeti vya kaboni, yaani kulipia punguzo la gesi joto lililofanyika kwingine, ni kishawishi. Kaunti ya San Diego ilishindwa mahakamani mwaka 2020 kwa sababu hatua yake ya vyeti haikuwa na vigezo vya kuhakikisha punguzo ni la kweli na linatekelezeka. Anza na hatua za kiwanjani. Vyeti vikibaki, taja aina, daftari linalovisajili, na nani anavithibitisha.

Kila hatua igeuzwe sharti la kibali lenye mtendaji, muda na ushahidi. "Mradi utapunguza matumizi ya gesi" haimfungi mtu. Andika: "Kabla ya kibali cha ujenzi, mwendelezaji atawasilisha michoro ya mabomba isiyo na gesi; mkaguzi wa mji atathibitisha kabla ya hati ya kuhamia." Kisha hakikisha maneno hayo hayo yamenakiliwa kwenye ukurasa wa kwanza wa michoro ya ujenzi, maana fundi aliye kiwanjani hasomi ripoti yako.