Jibu: Kurudia pigo mara 8 pia ni msimbo, ila ni dhaifu

Ndugu, umeuliza kama ukiongeza msimbo wa kusahihisha makosa (njia ya kutuma data ili mpokeaji aweze kurekebisha biti zilizoharibika) kwenye redio zako za bendi pana mno (UWB, zinazotuma mapigo mafupi sana ya redio), kasi itashuka, kwa kuwa tayari kila biti unaituma kwa mapigo 8.

Haishuki, na hapo ndipo penye utamu. Kule kurudia mara 8 tayari ni msimbo. Mapigo hayo unayalipia lakini hayakufaidishi vya kutosha. Mpokeaji huamua kama biti ni 0 au 1 kwa kuhesabu mapigo 8 kama kura. Jirani akirusha pigo ndani ya nanosekunde ileile uliyorusha wewe, kura moja inaharibika. Watumiaji wakiwa wengi, kura mbovu zinazidi nzuri na biti inageuka.

Badala yake weka msimbo wa konvolusheni (ambao mapigo ya kila biti hutegemea pia biti zilizotangulia) wa aina ya supaothogonali, wenye urefu wa kizuizi (constraint length) 5, yaani biti ya sasa na 4 zilizotangulia. Nao hutoa mapigo 8 kwa kila biti, kasi ileile, nguvu ileile. Tofauti ni kwamba alama za biti moja zinatapakaa kwenye mapigo ya biti zinazofuata. Kwa kurudia, jumbe mbili zinazokaribiana zaidi hutofautiana kwa mapigo 8 tu; kwa msimbo huu ni 28, hivyo ni vigumu zaidi kuzichanganya. Gharama iko kwa mpokeaji: algorithimu ya Viterbi, inayotafuta ujumbe unaoelekea zaidi kuwa ndio uliotumwa, yenye hali 16 (michanganyiko ya biti 4 zilizotangulia), kazi ndogo kwa chipu ya leo.

Kiwango cha IEEE 802.15.4a cha 2007 cha redio za aina hii kilichanganya msimbo mwingine wa kusahihisha makosa, Reed-Solomon (63,55), na konvolusheni ya nusu (biti mbili hutumwa kwa kila biti moja). Ila kwa msongamano unaoueleza, anza na supaothogonali.