Mhusika Wako Akitishwa, Mwache Ajibu la Kwake

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya mpangaji na mwenye nyumba. Mwenye nyumba anafoka, "Utakiona cha mtema kuni!" Mpangaji naye, "Hunijui wewe, utanitambua!" Wakaendelea hivyo kurasa mbili. Rafiki yangu alipoisoma akaniambia, "Hawa wawili ni mtu mmoja." Iliniuma, lakini alisema kweli. Ukiyafunika majina, hujui nani ana nyumba na nani ana mtoto mchanga chumbani.

Aliyenifungua macho ni mama ntilie mmoja wa Tandika. Asubuhi moja alimdai mteja wake mbele za watu. Yule bwana akainama juu ya meza: "Ukinidai tena hivi, kesho hiki kibanda hukikuti." Mama hakuinua macho. Akageuza chapati, akaikandamiza pembeni kwa mgongo wa kijiko, akasema, "Na mbili za leo, baba. Zimekuwa tano." Kibanda kizima kikanyamaza. Mimi niliyekaa karibu na jiko nilisikia kijiko kikigonga kikaango, ta-ta-ta. Mkono ulikuwa unamtetemeka.

Aliogopa, tena sana. Ila tishio hakuligusa. Alijibu deni, maana deni ndilo lililokuwa lake. Tangu siku ile, kabla sijaandika jibu, najiuliza mhusika wangu ameng'ang'ania nini. Mtazame Karama katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert (1951): waziri Majivuno anamshtaki mbele ya mfalme, kifo kinamsubiri, naye anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na kutiwa gerezani. Anachokipigania, yaani haki, ndicho kinachomtoka mdomoni.

Sikiliza pia mhusika anavyomwita anayemtisha. Lile "baba" la mama ntilie lilikuwa ngao. Angesema "wewe", pangechimbika. Kinyume chake, kijana aliyezoea kumwamkia mzee "shikamoo" akimtaja ghafla kwa jina lake tupu, huna haja ya kuandika "alisema kwa hasira". Futa kabisa maneno hayo. Msomaji wetu amelelewa na heshima hizi, anazisikia zinapokatika.

Mpangaji wangu nilimrudia baada ya miezi kadhaa. Mwenye nyumba sasa anasimama mlangoni: "Kesho saa mbili asubuhi vitu vyako viko barabarani."

Mpangaji anaurudisha mlango nusu, taratibu. "Punguza sauti, mzee wangu. Mtoto ndiyo kwanza amelala."