Shangazi Anajibu: Malipo ya mtoto mwigizaji yakae wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa miaka saba amechaguliwa kuigiza kwenye tamthilia. Baba yake anataka malipo yaingie kwenye akaunti yake, mimi roho inasita. Mama mkwe ananitajia Shirley Temple kila siku, eti alitajirika angali mtoto. Ni kweli? Na aliishia wapi?
Mama wa Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe amekuhadithia nusu. Shirley nilimjua kwa kanda ya video nyumbani kwa jirani, miaka ya 1980, nami nikampenda kama wote: vishavu, kuimba, na zile nywele za mapindo 56 ambazo mama yake alikuwa akizitengeneza mwenyewe. Alizaliwa California mwaka 1928, akaanza kuigiza na miaka mitatu. Mwaka 1935 akapewa tuzo maalumu ya Oscar akiwa na miaka sita, na kwa miaka minne mfululizo hakuna aliyejaza majumba ya sinema Marekani kumshinda.

Nusu ya pili ndiyo inayoniuma. Ameandika mwenyewe kwamba kwenye filamu zake za mwanzo, mtoto msumbufu alifungiwa ndani ya kijumba cheusi, pa kukalia ni pande la barafu. Hata umri wake ulipunguzwa mwaka mzima: siku aliyodhani anatimiza 12, akaambiwa ni 13. Alipokuwa mtu mzima akauliza fedha zake. Katika dola zaidi ya milioni 3 alizochuma, zilibaki kama 44,000. Aliyekuwa akizisimamia ni baba yake, mtu wa benki! Shirley aliandika kwamba hakumkasirikia. Mimi nimekasirika kwa niaba yake.

Aliacha filamu mwaka 1950, na maisha yake hayakuishia hapo. Mwaka 1972 alipokatwa titi kwa saratani alijitokeza akasema hadharani, wakati wanawake wengi walikuwa wakificha. Akawa balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia 1974, kisha Chekoslovakia mwaka 1989, akaushuhudia utawala wa kikomunisti ukianguka. Alifariki 2014, ana miaka 85.

Sasa wewe. Huko California, tangu mwaka 2000, sheria inataka asilimia 15 ya malipo ya mtoto iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa na mzazi mpaka atimize miaka 18. Nanyi jiwekeeni sharti kama hilo. Mwambie mumeo kwa upole, bila kumtuhumu: tufungue akaunti ya mtoto, na tuombe benki isitoe kitu bila saini zetu wote wawili. Nakala ya mkataba ikae kwako. Kabla hujasaini, uliza saa za kazi, siku za shule zitakazokatika, na kama utaruhusiwa kukaa naye pale wanaporekodi. Wakikukatalia hilo la mwisho, mrudishe mtoto nyumbani.