Sekunde nne za Ennis

Kwa miaka mingi nilikuwa nawacheka mashabiki wa mbio za dragi. Gari linakwenda mbele tu, halikati kona, halivuki mto wala tope kama Safari Rally, mara limeisha. Lakini nilikuwa nimeziona kwenye simu tu. Oktoba moja shemeji yangu anayeishi Dallas akanikatia tiketi ya Texas Motorplex, kule Ennis kusini mwa jiji, na tangu siku hiyo nimefunga mdomo.

Kama unapanga kwenda, anza na kosa langu. Magari mawili ya Top Fuel, yale marefu membamba mfano wa mkuki, yalizungusha matairi mpaka yakatoa moshi, yakarudi nyuma, yakajipanga. Mimi simu juu, narekodi. Taa za njano, kijani, basi. Nilipojitambua, magari yalikuwa huko mbali, yameshafungua parachuti za kuyasimamisha. Video ninayo mpaka leo: mawingu, halafu viatu vya shemeji. Mbio nzima haifiki sekunde 4 kwa mita 305, na gari linamaliza likiwa limepita kilomita 500 kwa saa. (Zamani ilikuwa mita 402. Walipunguza mwaka 2008, baada ya Scott Kalitta kufa mbioni New Jersey.) Kwa hiyo mbio ya kwanza simu ikae mfukoni. Na ukae karibu na mstari wa kuanzia; kule mwisho utaona tu kitu kimepita.

Masikio sasa. "Shem, vaa na hizi juu," aliniambia, akinipa vile vifuniko vikubwa vya mafundi wa ujenzi. Mimi nilishachomeka vile vya sponji, nikaona anazidisha. Hakuzidisha. Injini ni ya lita 8.2 lakini inatoa nguvu za farasi zaidi ya 11,000, na ule mlio hausikiki kama mlio. Unakupiga kifuani, shati linatikisika mwilini, soda kwenye kikombe inachora viduara. Nimekulia jirani na vigodoro vya Dar, maspika nayajua. Haya ni mambo mengine. Vaa vyote viwili. Mtoto asiye na vifuniko vinavyomkaa sawasawa abaki nyumbani, hata akilia.

Ila kilichoniteka hasa ni piti, pale magari yanapotengenezwa kati ya mbio na mbio. Kwenye mashindano ya NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, tiketi yoyote inakuruhusu kuingia huko, unasimama hatua chache tu kutoka kwa mafundi. Gari likirudi wanalivamia: vichwa vya silinda chini, pistoni nje, sahani za klachi zinabadilishwa, na ndani ya saa moja injini imefungwa tena. Nilikumbuka gereji moja iliyonilia wiki tatu kwa gasketi. Fundi mmoja alikuwa anazipitisha pistoni mkononi, moja moja, anazikagua kama mama anayechagua nyanya sokoni.

Usiondoke hapo kabla hawajaiwasha kuijaribu. Wafanyakazi walivaa barakoa za gesi, nami sikujiuliza kwa nini. Mafuta yao karibu yote ni nitromethani, na moshi wake ukikufikia ni kama mtu amekaanga pilipili ndani ya chumba kisicho na dirisha. Machozi, makamasi, kikohozi. Mzee mmoja pembeni yetu alikuwa analia huku anacheka, na kila tuliporudi nyuma yeye alisogea mbele. Simama upande upepo unakotoka, lakini uvute japo mara moja.

Kama ratiba ina mbio za jioni, vumilia mpaka giza liingie. Mchana hujui kwamba kila bomba la moshi linatema moto. Usiku unauona umepanda juu ya gari, halafu unapotea pamoja nalo.

Kutoka uwanjani tulikaa kwenye foleni karibu saa nzima, Corolla ya shemeji ikisogea hatua kwa hatua. Hakuna aliyewasha redio.